Kupanda Mlima Meru peke yako: ni nani atakayekuangalia?

Swali: "Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Morogoro. Lupanga nimeipanda mara nyingi, nyingine nikiwa peke yangu. Sasa nataka kuja Arusha na begi langu mgongoni nipande Mlima Meru, bila kundi. Hela ya kampuni kubwa sina. Je, mzawa anaruhusiwa kupanda peke yake? Huu mlima ni volkano, kuna hatari ya kulipuka nikiwa juu? Na nikishafika huko, niunganishe na mlima Ol Doinyo Lengai? Mama hataki hata kusikia."

Jibu:

Mdogo wangu, kupanda bila kundi unaruhusiwa. Kupanda bila mtu yeyote huruhusiwi, uwe mzawa au mgeni. Mlima Meru umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na hakuna anayeshika njia ya kupanda bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Sababu kubwa ni nyati. Utamkuta kwenye nyika ya Momella, utakuta kinyesi chake msituni katikati ya njia, na hata kule juu kwenye tandiko la mlima (Saddle), unakodhani ni baridi na mawe tu, nyayo zake zipo. Simba hifadhi hii haina. Chui wapo ila ni nadra kuwaona. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopa, kwa sababu husimama kimya kwenye kichaka mpaka umfikie. Kaa nyuma ya askari, usimpite hata kama mwendo wake unakuchosha, na akinyanyua mkono simama hapohapo.

Askari unapangiwa pale lango la Momella asubuhi. Kama kuna wengine wanaopanda siku hiyo, mara nyingi mtaunganishwa mfuatane. Kwa hiyo tayari hauko peke yako kama ulivyokuwa Lupanga. Lakini askari kazi yake ni wanyama. Hajui kama jana ulikula, hajui kama kwa kawaida wewe ni mtu wa maneno mengi au mkimya. Ndiyo maana naomba uongeze mwongozaji mwenye leseni na mgumu mmoja, yaani mbeba mizigo, wa kukubebea, na usitafute njia ya kuwakwepa ili kuokoa hela. Huhitaji kampuni kubwa. Arusha na Moshi zina waongozaji wengi wanaofanya kazi na kampuni ndogo, na bei ya mzawa huwa tofauti sana na ya mgeni anayelipa kwa dola. Omba uoneshwe leseni kabla hujatoa shilingi. Viingilio vya hifadhi usimpe mtu taslimu barabarani: vinalipwa kwa namba ya malipo unayopewa, kwa benki au kwa simu. Njoo na kitambulisho cha taifa, maana bila ushahidi wa uraia hakuna bei ya mwananchi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Lupanga ina mita 2,138. Ni mlima mkali, unatoa jasho, na mtu anayeupanda mara kwa mara ana miguu ya kutosha kwa Meru. Miguu yako sina wasiwasi nayo. Lakini kilele cha Meru kipo mita 4,566, na pale juu kila pumzi inakupa oksijeni isiyofika asilimia 60 ya ile unayoipata ukiwa pwani. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, kimo ambacho Lupanga haijakufikisha. Hujui mwili wako utafanya nini huko, na hakuna mazoezi ya viwanjani yanayoweza kukuambia. Nimeona vijana wanaokimbia kilomita nyingi kila asubuhi wakilala chini pale kibanda cha Saddle, huku mama wa makamo anayetembea taratibu akifika kileleni na kurudi akiimba.

Watu huudharau Meru kwa sababu jirani yake ni Kilimanjaro yenye mita 5,895. Wanasema huu ni wa mazoezi. Hesabu vizuri: lango la Momella lipo kama mita 1,500. Usiku wa kwanza unalala Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili Saddle, mita 3,570. Usiku huohuo unaamka kwenda mita 4,566. Kila hatua unaruka kama mita 1,000, wakati ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Meru inapanda upesi kuliko mwili unavyotaka.

Na hapa ndipo upweke unapokuwa hatari. Oksijeni ikipungua, kichwa ndicho kinachoanza kuchezewa. Uamuzi ambao ungekuokoa ndio unaoondoka kwanza. Mtu anaumwa, lakini yeye anajiona sawa tu, anasema "twende, nimechoka kidogo." Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza, au anakaa kwenye jiwe na kukataa kuvaa glovu huku vidole vimekufa ganzi. Aliyekuja na dada yake au rafiki yake ataambiwa, "Wewe leo si wewe." Aliyekuja peke yake hana wa kumwambia hivyo, kwa sababu waliomzunguka wamemjua tangu juzi.

Kwa hiyo jicho hilo lazima ulitafute mwenyewe kabla hujaondoka Momella. Siku ya kwanza, mkiwa bado chini na kichwa chako kizima, kaa na mwongozaji na yule mgumu uwaambie waziwazi: mimi ni mwongeaji, mkiniona nimenyamaza ulizeni. Mimi huwa nakula vizuri, nikikataa chakula cha jioni mjue kuna jambo. Nikisema nimechoka kidogo, msiniamini, nitembezeni. Kipimo chake ni rahisi: tembea hatua kumi kwenye mstari mmoja, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba kwenye mstari huo akiwa mita 3,500 hapandi tena, anashushwa, hata iwe saa sita usiku na hata kama analia. Waambie pia kwamba umewapa ruhusa ya kukushusha, na kwamba hutawalaumu wala hutapunguza malipo yao. Mwongozaji anayeogopa kunyimwa bakshishi husita, na mlimani kusita kwa saa mbili ni kwingi.

Maumivu ya kichwa kidogo na kukosa hamu ya kula ni vya kawaida. Pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka viishe. Kutapika mfululizo, kuyumba, kuchanganyikiwa, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye makoroma kifuani, hivyo si vya kupumzikia. Dawa yake ni kushuka, na kushuka sasa. Ipo dawa ya kuusaidia mwili uzoee, asetazolamidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Usiinunue dukani kwa kusikia tu. Muone daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Ukiwa kwa daktari huyohuyo, pima malaria. Unatoka Morogoro, na malaria iliyojificha ikiamka siku ya pili mlimani huleta kichwa na kichefuchefu vilevile, mtu akadhani ni mwinuko, akanywa panadoli akalala. Homa kali ndiyo inayovitofautisha, lakini usiku wa Saddle kila mtu anatetemeka kwa baridi, ni vigumu kujua. Pima na wingi wa damu, maana mwenye damu pungufu anaanza safari akiwa tayari ana upungufu wa vyombo vya kubebea oksijeni. Na kama katika ukoo wenu kuna selimundu, hili usilipuuze. Mgonjwa wa selimundu asipande kabisa. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuugua, anaweza kupata shida ya bandama akifika juu ya mita 3,000. Aongee na daktari kwanza.

Chukua siku nne, usikubali tatu. Wapo watakaokuambia unaokoa ada ya siku nzima, kwamba mtatoka kileleni mshuke moja kwa moja hadi langoni. Magoti yako yatakukumbusha wiki nzima, na aliyechoka hivyo ndiye anayeteleza msituni jioni. Fika Arusha siku mbili kabla. Mji upo kama mita 1,400, na hata hilo linausaidia mwili uliotoka Morogoro. Kutoka mjini panda daladala hadi Usa River, kisha tafuta gari la kukuingiza hifadhini, au magari yanayokwenda Ngare Nanyuki.

Siku ya kwanza ina njia mbili. Fupi inapanda kwa kuvuka nyika, na ndefu inazunguka msituni kupitia ule mkuyu mkubwa uliofanya tao juu ya barabara. Chagua ndefu kwenda na fupi kurudi. Utaona mbega, twiga na mitarakwa mirefu yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, na mwili utapata muda wa kupanda taratibu. Hapohapo kwenye nyika ndipo swali lako la volkano linapojibiwa, kwa kuwa unakanyaga jibu lenyewe.

Meru hapo zamani ulikuwa mlima mzima, mrefu kuliko ulivyo leo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote, ukamwagika kama tope na mawe hadi tambarare iliyo kati yake na Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo unavyoviona Momella ni vipande vya mlima huo, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki katikati ya vipande. Ndiyo maana kreta ya Meru, yaani shimo lake la volkano, haikufunga duara, imeachama upande wa mashariki kama kiatu cha farasi. Ndani yake baadaye kukaota koni ya majivu, ambayo utaitazama kutoka juu alfajiri ya siku ya tatu. Mara ya mwisho mlima kutoa chochote ilikuwa mwaka 1910, na yalikuwa majivu kidogo. Haujafa, umelala. Lakini volkano za namna hii kwa kawaida hazikurupuki bila dalili; ardhi hutetemeka, gesi hutoka, na watu wa hifadhi wangekuwa wa kwanza kufunga njia. Kwa siku nne zako, mlipuko sio unaopaswa kukunyima usingizi.

Volkano hiyo ina kitu kimoja kinachowagusa watu kila siku, nacho ni madini ya floraidi kwenye maji. Meno yenye rangi ya kahawia utakayoyaona kwa wazawa wengi wa vijiji vya huku yametokana na maji waliyokunywa tangu utotoni. Wewe kwa siku nne hayatakudhuru. Ya mlimani yachemshe tu kwa ajili ya tumbo. Saddle maji hayapatikani kwa uhakika, jaza chupa Miriakamba. Lita tatu kwa siku ni kiwango cha chini.

Jioni ukiwa Miriakamba, mkishakula, muombe mwongozaji akuoneshe upande wa Ngare Nanyuki. Hiyo ndiyo ardhi ambayo Wameru waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951 ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Nasikitika kila ninapompata kijana Mtanzania aliyeupanda mlima huu, akapiga picha zote, na hajui habari hiyo. Wewe ijue ukiwa umeitazama.

Siku ya pili ni fupi lakini inapanda bila huruma, ngazi baada ya ngazi, kupitia Mgongo wa Tembo. Mkifika Saddle mchana usilale kitandani. Kula, pumzika, halafu panda Meru Ndogo, mita 3,820, ni kama saa moja kwenda. Ukirudi kulala mita 3,570, mwili umeshaonja kimo kikubwa zaidi na usiku utakuwa mwepesi. Anayeruka zoezi hili kwa uchovu hulilipia saa kumi usiku.

Vibandani mnalala chumba chenye vitanda vya juu na chini. Kwa kuwa uko peke yako, sema mapema langoni kwamba unaomba kuwekwa na wanawake wenzako. Ni ombi la kawaida na hakuna wa kulishangaa. Waongozaji wanawake nao wapo siku hizi, ukimtaka mmoja ulizia kabla hujasafiri. Na ukiona mwongozaji ana maneno yasiyokupendeza mkiwa bado mjini, badilisha mtu. Huna deni naye.

Usiku wa kilele mnatoka saa saba au saa nane. Baridi hushuka chini ya sifuri na upepo wa ukingoni haukupi nafasi ya kutoa kitu kwenye begi, kwa hiyo kila kitu kiwe kimeshavaliwa au kiwe mfukoni. Acha pamba kabisa. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, inakugandisha. Vaa sufu au zile nguo za michezo zinazokauka haraka, sweta zito juu yake, na koti lisilopitisha upepo wala mvua. Haya yote huhitaji kuyanunua mapya. Soko la Memorial pale Moshi mitumba ya nguo za baridi imejaa, na maduka ya kukodisha vifaa yapo Moshi na Arusha. Viatu tu usikodi, njoo na vyako ambavyo mguu umevizoea. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, na betri za akiba zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi huzimaliza.

Baada ya Rhino Point njia inakuwa ukingo mwembamba. Upande mmoja ni mteremko wa majivu na changarawe, upande wa pili ni ukuta wa kreta unaoshuka zaidi ya mita 1,500 hadi sakafuni. Gizani hutauona, na kwa wengi hiyo ni heri. Weka mkono kwenye jiwe, fimbo zikunje, fuata mwanga wa aliye mbele yako. Kukiwa na barafu juu ya mawe au upepo wa kukuyumbisha, mwongozaji akisema turudi, mnarudi. Mimi huwa naweka mpaka mmoja ambao siujadili nikiwa juu: jua likichomoza kabla mtu hajafika Cobra Point, mita 4,350, anageuka. Kutoka pale hadi kileleni bado ni zaidi ya saa moja ngumu, na aliyechelewa kiasi hicho mwili wake umeshasema. Na mawio ya pale pia yanakuonesha Kilimanjaro likitokea juu ya mawingu na ile koni ya majivu chini ya miguu yako, hukukosa kitu.

Kushuka ndiko watu wengi wanakoumia. Umefurahi, umelegea, na sasa unauona ule ukuta. Kula kitu kileleni hata kama hutaki.

Kuhusu mama, usimfiche. Ana haki ya kuogopa, na utamtuliza zaidi kwa mambo ya kushika mkononi kuliko kwa maneno ya kumbembeleza. Mwachie jina na namba ya mwongozaji, namba ya lango, na ratiba yenye majina ya vituo. Mwambie mtandao mlimani unakuja na kupotea, kwa hiyo ukimya wa siku mbili sio habari mbaya. Kisha mpe saa moja ya kweli: siku ya nne, saa kumi jioni, utapiga. Zikipita saa mbili baada ya hapo bila simu, ampigie mwongozaji, kisha lango. Uitimize ahadi hiyo hata kama una njaa na matope mpaka magotini.

Ol Doinyo Lengai usiuunganishe. Uende, lakini safari nyingine. Ni mfupi, haufiki mita 3,000, na kwa kusoma namba tu mtu angedhani ni wa kumalizia. Hauna kibanda wala msitu, kivuli hakuna, na maji ni yale uliyobeba. Mnaanza kama saa sita usiku kutoka upande wa kijiji cha Engare Sero ili mshuke kabla jua halijageuza mteremko kuwa kikaango, na mteremko wenyewe ni mkali mpaka mikono inasaidia miguu. Miguu iliyotoka Meru juzi haitakubeba salama pale.

Tena huo ndio wa kuuliza habari za kulipuka. Unafanya kazi hadi leo. Lava yake ni ya kabonati, haina mfano kwenye volkano nyingine hai duniani. Inatoka nyeusi na laini, ikiwa na joto la kati ya nyuzi 500 na 600, pungufu sana ya lava ya kawaida, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Kwa kuwa gizani haing'ai sana, mtu anaweza kuikaribia bila kujua. Mwaka 2007 matetemeko yalianza Julai, Arusha tuliyasikia, na Septemba mlima ukalipuka kwa majivu yaliyofika mbali na kuharibu malisho ya Wamasai. Mlipuko ule uliacha shimo refu lenye kingo zinazomeguka. Hakuna sababu ya kuteremka humo, na mwongozaji atakayekushawishi uteremke upate picha, muache. Chukua mtu wa Engare Sero aliyekuwa juu wiki hiyohiyo, akuambie kreta ikoje sasa, sio mwaka jana.

Kwa Meru, lenga kati ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni inakuwa utelezi na ukingo wa juu unajaa mawingu. Jipe muda wa kupima damu, kupata majibu na kutibiwa kama kuna cha kutibu, kwa hiyo anza na daktari kabla ya kununua hata soksi.